Walioishia Hatua ya Nne

Ofisini wamenipa saa ya ukutani na kalenda, vitu viwili ambavyo mstaafu hana haja navyo sana. Kisha wakaniomba niwaandikie vijana watakaokalia kiti changu: namna tulivyokuwa tukipima tovuti, makosa tuliyoyafanya, na kwa nini tovuti yetu ya kutafuta ndugu ina ukurasa mmoja ambao kila mkaguzi mpya anataka kuufuta. Nimekubali. Nimechoka, nalisema wazi, lakini nikilala kabla ya kuandika mtaufuta.

Wengi mnaniita Papa Murhula na hamjui nilianzia wapi. Kwetu Bukavu nilikuwa mtunza maktaba wa shule ya sekondari. Kazi yangu ilikuwa fishi: kila kitabu na kadi yake, kila kadi na droo yake. Vita vya pili vya Kongo vilipotutoa huko, mimi na mke wangu na watoto, watu waliniuliza njiani kama nimebeba vitabu. Nilibeba godoro. Tulipofika Malawi tulipitia kambi ya Dzaleka kama wakimbizi wengine, halafu tukapanga chumba Mtandire, pembeni mwa Lilongwe, mke wangu akauza mandazi nami nikawa nashona viatu vibaya. Jumapili moja likasomwa tangazo kanisani kwamba ofisi moja ya City Centre inatafuta mtu anayejua Kiswahili cha Kongo na aliyewahi kupanga kadi. Waumini waligeuka kunitazama, maana nilikuwa nimewachosha na hadithi za droo zangu.

Aliyenipokea ni Bambo Nkhoma, Mmalawi mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye alikuwa ameishi Mbeya ujanani na kurudi na Kiswahili cha huko. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita kwenye kibao kibaya akanyamaza. Aliwahi kurudi dukani mara mbili kumwambia mwenye duka kwamba mshale wake wa kuingilia unaelekea ukutani. Siku ile aliniambia msemo wa kwao, kwamba mgeni ndiye huja na wembe mkali, *mlendo ndiye adza ndi kalumo kakuthwa*, halafu akaniomba niondoke kwenye kiti kwa sababu kilikuwa chake.

Nilidhani nitaoneshwa kompyuta. Badala yake alinipeleka hadi mlango wa jengo moja la ghorofa lenye ofisi nyingi, ambalo sitalitaja, akaniagiza nitafute daktari wa meno. Nisimuulize mtu yeyote. Nisome vibao tu, na kila ninapochagua mlango niandike neno gani limenivuta. Nilifuata kibao cha Afya nikaingia kwa watu wa bima. Nilifuata Huduma nikafika chooni. Nilipanda, nikashuka, nikafuata mshale uliokuwa na picha ya kijiko nikidhani ni kile chombo cha kutazamia mdomo, na mwisho nikajikuta jikoni, mbele ya mama aliyekuwa akisonga nsima ya madereva. Alinionea huruma akanipa sahani. Daktari wa meno alikuwa nyuma ya mlango ulioandikwa jina lake tu.

Bambo Nkhoma alisoma karatasi yangu bila kucheka, na hilo lilinitisha. Aliniambia kwamba sikupotea. Kila nilipogeuka nilikuwa na sababu nzuri. Mtu hapotei kwa ujinga, alisema, hupotea kwa kulifuata neno lililonukia kama kile anachokitaka. Neno hilo, harufu, ndilo lililokuwa kazi yetu yote. Kila kiungo katika tovuti kina harufu kwa mtu mwenye haja fulani, na mtu hukifuata kile chenye harufu kali zaidi, akiona inafifia anarudi nyuma, akichoka anaondoka. Kazi yetu ilikuwa kukisia atapotelea wapi kabla hajapotea.

Njia yenyewe ni hii, na ingawa siku hizi mna programu za kuwafanyia, ifanyeni kwa mkono angalau mara moja. Kwanza unamuumba mtu wa karatasi. Unaandika ametoka wapi, amesoma kiasi gani, anajua maneno gani, na anataka nini kwa sentensi moja. Pili unachukua ukurasa na kuorodhesha kila neno analoweza kubofya. Tatu unakuwa yule mtu, na hii ndiyo ngumu, unaliwekea kila neno alama kuanzia sifuri hadi tano kadiri linavyonukia haja yake. Neno lenye alama kubwa ndiko atakakokwenda. Unafungua huko, unaanza tena. Ukimaliza una ramani ya safari yake, hatua kwa hatua. Ndipo unamketisha mtu wa damu na nyama mbele ya ukurasa ule ule, unashika saa ya kupimia, na kuona ramani yako ilidanganya wapi.

Nikupeni mfano mmoja. Ofisi ilikuwa na kiungo kilichoitwa Ulinzi, na ndani yake mlikuwa na msaada wote ambao mkimbizi anauhitaji. Wakubwa walishangaa kwa nini hakifunguliwi. Mimi nilipokuwa mtu wa karatasi kutoka Kivu nilikipa sifuri na kukikimbia, kwa sababu kilinukia askari. Tulibadili maneno, watu wakaingia. Siku hiyo Bambo Nkhoma alinipa kiti changu mwenyewe.

Tovuti kubwa ya ofisi ilikuwa ile ya kutafuta ndugu. Vita kule nyumbani vilikuwa vinaendelea, watu walikuwa wametawanyika pande zote za ziwa Tanganyika, na maajenti wa ofisi katika makambi na vijiji walikusanya majina na kuyatuma Lilongwe. Safari ya mtafutaji ilikuwa ya hatua nne. Ya kwanza, ukurasa wa mbele, abofye Ndugu. Ya pili, achague eneo: Uvira, Fizi, Bukavu na kadhalika. Ya tatu, orodha ya majina kwa herufi. Ya nne, abofye jina, asome habari ya mtu yule: yuko hai na yuko mahali fulani, au amefariki.

Majaribio tuliyafanya Dzaleka. Nilipanda minibasi asubuhi nikiwa na kompyuta ya kubeba ndani ya mfuko wa unga ili isiibwe, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa kabaza, yaani baiskeli ya abiria, huku nimeupakata ule mfuko kama mtoto mchanga. Mtandao haukuwepo. Kurasa zote zilikuwa kwenye disketi, pamoja na orodha mpya za majina ya kweli, kwa sababu Bambo Nkhoma alikataa katakata kumwita mtu aliyepotelewa na ndugu acheze na majina ya uongo. Kanisa lilitupa chumba nyuma ya karakana ya mafundi cherehani. Sheria za majaribio zilikuwa chache na kali: usisaidie, usitikise kichwa, usikohoe, usiulize habari zake za ndani. Hesabu hatua.

Mtu wa kwanza kuketi mbele yangu alikuwa Mama Faida, fundi cherehani, mwenyeji wa Fizi, aliyejifunza kusoma kwa masista na kusoma kwake kulikuwa kwa haraka kuliko kwa wengi waliojisifu. Alikuwa akimtafuta mume wake. Jina lake hakunitajia, alisema Baba Faida tu, nami kwa sheria zangu sikuuliza. Walipotezana wakati kijiji chao kilipovamiwa, yeye akiwa na binti yao mgongoni na mume amerudi kuwachukua mbuzi. Kanisani kulikuwa na umoja wa wajane, ambao walisaidiana na kupewa sabuni, na viongozi walimwita mara nyingi ajiunge. Alikataa kila mara.

"Mi si mujane," aliniambia siku ile ya kwanza, kabla hata sijawasha mashine. "Mi niko na bwana. Sijui tu iko wapi."

Nilimpenda kama mtu wa majaribio, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Alijua anachokitaka na hakupoteza muda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayekwenda kisimani kwake. Alishuka kwenye orodha kwa kidole, akafika karibu na mwisho, akasimama. Akarudi nyuma. Akasema inatosha. Niliandika: ameshindwa, hatua ya nne.

Nilidhani jina halimo. Lakini wiki zilizofuata waliofuata walifanya vile vile. Wazee hasa, na akina mama kutoka Fizi na Uvira. Walifika kwenye majina, wakatazama, wakarudi, wakaaga kwa heshima. Vijana walibofya majina kwa fujo, lakini wakubwa waliishia hatua ya nne. Karatasi zangu zilijaa neno ameshindwa, nami nililichukia kama mwalimu anavyochukia sifuri za darasa zima.

Nikaanza kutengeneza. Nilibadili rangi ya majina yaonekane kuwa yanabofyeka. Nikaongeza chini ya kila jina maneno Soma habari yake. Nikakuza herufi. Kwenye kielelezo changu mtu wa karatasi alitoa alama tano kila mara na kupita mpaka mwisho bila kusita. Mama Faida alikuja tena, kila mwezi, akaketi, akafika mpaka karibu na mwisho wa orodha, akarudi. Niliona kipanya kimesimama mkononi mwake, nikaandika kwamba huenda kipanya ni kigumu, tukatafuta kingine.

Nikaamua kwamba tatizo ni hatua yenyewe. Kama watu wanashindwa kuivuka hatua ya nne, basi isiwepo. Nikaandaa ukurasa mpya ambamo habari imewekwa pembeni mwa jina, kwenye orodha ile ile: jina, mahali, hali yake. Mtu akifungua tu, ameona. Nilijivunia sana. Nilimwonesha Bambo Nkhoma ukurasa huo na ramani zake zote, na alama tano zikiwa zimejipanga. Alizitazama muda mrefu, akisukuma miwani yake.

"Umepima mahali wanaporudi nyuma," alisema. "Umewauliza kwa nini wanarudi?"

Nilimjibu kwamba sheria zake mwenyewe zinakataza kuuliza habari za ndani. Alinirudishia ramani zangu. Nafikiri alijua nimemshika, na mimi nilijua nimemshika, na hakuna kati yetu aliyefaidika.

Nilikwenda Dzaleka na disketi yangu. Mama Faida alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Cherehani zilikuwa zinalia upande wa pili wa ukuta. Aliketi, nikaanzisha saa. Ndugu. Fizi. Orodha ikafunguka, akaanza kushuka kwa kidole mpaka karibu na mwisho, kwenye herufi W, na kabla hajainua macho ili arudi, alikuwa ameshasoma. Kidole kilibaki pale. Niliona kimefika, nikabonyeza saa. Alikuwa amemaliza haraka kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumpima. Niliandika: amefaulu.

Ndipo nikamtazama usoni, na halafu nikatazama kidole kilipokuwa. Wilondja, mumewe, na jina la baba yake, na kijiji chao. Amefariki.

Hakulia. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza, kando ya mashine, akaitazama kama kitambaa alichokosea kukata. Mimi nilikuwa bado nimeshika saa. Nimekuwa na aibu nyingi maishani, mkimbizi hakosi aibu, lakini hiyo ndiyo pekee ninayoamka nayo mpaka leo.

"Papa Murhula," alisema baadaye, taratibu, "jina yake niliiona tangu wakati ya mvua."

Nilimuuliza kwa nini basi hakulifungua. Nilikuwa nauliza kama mpimaji, hata wakati ule.

"Habari ya namna ile hapana kusoma peke," alinijibu. "Muntu anaikala na bandugu. Banakula kwanza. Kiisha mukubwa njo anamuambia. Mi nilikuwa nangoya shemeji yangu."

Shemeji huyo, kaka wa mume, alikuwa kibarua Mtandire, mitaa michache kutoka nilipokuwa nalala mimi. Mara nyingi alikuwa ameahidi kuja Dzaleka na mara nyingi alikuwa ameahirisha, na Mama Faida alielewa kwa nini, kwa sababu hakuna anayekimbilia kuwa mleta habari. Aliweza kungoja. Kila mwezi alikuja kuangalia kama jina bado liko, akalikuta, akalirudisha mahali pake, akaenda kushona. Mpaka jina lifunguliwe alikuwa na mume. Na wale wengine wote walioishia hatua ya nne walifanya vile vile: waliondoka, wakawaita ndugu zao, wakarudi siku nyingine kwa karani wa kambi, tuliyemwachia nakala za disketi, wakiwa kundi, wamekula, mkubwa wao akafungua. Mimi sikuwaona, kwa sababu nilihesabu hatua na sikuhesabu siku.

Na jambo la kunichoma zaidi ni kwamba nilijua. Sisi wa Bukavu tunajifanya watu wa mjini mbele ya wakulima wa Fizi, lakini baba yangu alipofariki walinificha habari siku nzima, wakaniambia ni mgonjwa, wakanipikia, wakangoja baba mdogo afike ndipo wakaniketisha. Hakuna mtu mzima wa kwetu asiyelijua hili. Nililijua kama ninavyojua kunawa mikono, na nilipokuwa mtu wa karatasi nililisahau, maana halikuwa na mahali katika jedwali.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilitaka kwenda kumwita mchungaji, au niseme kweli, nilitaka kwenda. Mama Faida akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema nitawaita watu wake.

"Batakuya," alisema. "Lakini batauliza nani aliniletea, na mi siwezi kusema mashini. Ni we ulinikalisha hapa. Basi we njo umenileteya. Ikala."

Anayeleta habari ya msiba, kwao na kwetu, hageuzi baiskeli akarudi. Anabaki mpaka matanga yaishe. Yeye ndiye anayeulizwa, na anajibu mara zote anazoulizwa, hata na mtu wa mwisho kufika. Nikakaa. Nilimpa dereva wa minibasi ujumbe kwa mke wangu, nikairudisha kompyuta ndani ya ule mfuko wa unga, nikaketi mkekani mbele ya nyumba ya Mama Faida siku zote za matanga. Watu wakafika, Waburundi na Wanyarwanda pia, na kila aliyefika aliuliza nani ameleta, wakanionesha. Kisha wakauliza. Alikufa wapi hasa? Kwa risasi au kwa ugonjwa? Nani alimfunika? Nani alichimba? Kuna mtu aliyesali? Nami nilikuwa na neno moja tu, lile lililokuwa pembeni ya jina. Nililirudia mpaka likakosa maana. Shemeji alifika siku ya pili, akanisalimu kwa mikono miwili, akaketi kando yangu bila kuniuliza chochote, na kwa hilo namshukuru.

Binti yao Faida alikuwa mdogo. Alimuuliza mama yake kama huyu mzee atakaa nao sasa. Mama Faida akamwambia hapana, ameleta habari ya baba tu.

Niliporudi Lilongwe nilimkuta Bambo Nkhoma na ripoti ya majaribio mbele yake, ile yenye amefaulu. Nilimweleza yote. Minibasi za kwenda Capital Hill zilikuwa zikipiga honi chini ya dirisha, akalifunga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya joto. Hakunikaripia. Alimchukua mtu wangu wa karatasi, akamsoma kuanzia juu hadi chini: ametoka Fizi, amesoma darasa kadhaa, anamtafuta ndugu.

"Hana shemeji," alisema. "Tumemuumba peke yake."

Tulifuta ukurasa ule siku hiyo hiyo, tukaandika mwingine. Hatua ya nne ikarudi, na kabla yake tukaweka ukurasa mnaoujua. Unasema: Kuna habari ya mtu huyu. Uko na nani? Chini yake kuna majibu matatu. Niko na ndugu zangu, tufungue. Niko peke yangu, nitarudi. Nataka mtu mwingine asome kwanza. Ukurasa huo unatokea kwa kila jina, aliye hai na aliyefariki, na msithubutu kuuondoa kwa walio hai ili kuharakisha mambo, kwa sababu siku hiyo kila atakayeuona atajua. Tena niliwaandikia maajenti kote ziwani: msilete neno moja. Andikeni wapi, lini, nani alimfunika, nani alichimba, nani alisali. Walilalamika kwamba ni kazi kubwa. Nikawajibu kwamba najua.

Tangu hapo nimepambana na wakaguzi. Wanakuja na ramani zao nzuri, wanaonesha kwamba watu wengi wanaondoka kwenye ukurasa ule, wanauita kasoro. Ni kweli wanaondoka. Wanakwenda kuwaita wenzao. Nimelisema hilo kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza changu kibovu, mbele ya kila mkubwa mpya, na kila aliyeelewa alihamishwa akaja mwingine. Bambo Nkhoma alistaafu mapema akarudi kwao kaskazini kusumbua vibao vya huko, nami nikabaki kulinda ukurasa mmoja kama mlinzi wa geti. Ni kazi ya kuchosha. Vita vya kwetu navyo vilitangazwa kwamba vimekwisha, vikabadili majina, vikaendelea, na orodha hazikuacha kuja.

Ninayoandika sasa yalitokea mwaka wangu wa mwisho, na sikumwambia mtu ofisini. Orodha mpya ilifika, nikawa naipanga kwa herufi, nikakutana na jina la mdogo wangu, Cishugi, na jina la baba yetu na mtaa wetu. Tulikuwa tumepotezana naye siku ile tuliyotoka Bukavu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, mimi niliyewafundisha wengine kutafuta. Nilikuwa na ruhusa ya kuona kila kitu. Kubofya mara moja tu kungetosha. Niliketi pale mpaka mfagizi akaniomba niinue miguu, kisha nikaupakia ukurasa kwenye kompyuta, nikaenda nyumbani nikamchukua mke wangu, na kesho yake asubuhi tukapanda minibasi ya Dzaleka.

Mama Faida alikuwa akimalizia sare za shule. Mvi zimemjaa, na miwani yake ni minene kuliko yangu. Niliiweka kompyuta juu ya meza yake ya kukatia nguo, nikamwambia jina la mdogo wangu na kwamba sijafungua. Hakuigusa. Alituuliza kama tumekula.

Hatukuwa tumekula. Akaifunika cherehani, akawasha mkaa, akasonga ugali, akapasha sombe, yale majani ya muhogo. Tulikula polepole, sisi watatu, na alinijazia sahani mara ya pili bila kuniuliza, na nililimaliza lile tonge la mwisho kwa sababu nilijua kinachofuata. Akanawa mikono, akaifuta vizuri kwa kanga, akaigeuza kompyuta imtazame yeye. Alisoma kwa muda mrefu, kwa sababu siku hizi maajenti wanaandika yote. Kisha akaifunga, akatoka kitini, akaja kuketi mkekani kati yangu na mke wangu.

"Papa Murhula," alisema, "mi njo nimekuleteya."

Akatueleza mwanzo hadi mwisho, wapi, lini, nani alimfunika, nani alichimba, na wimbo gani waliimba. Alikuja nasi Lilongwe akiwa na sare za watu ambazo hazijakwisha, akakaa kwetu mpaka matanga yalipoisha. Nilipomuuliza tena, alinieleza tena.